Niliweka Sahihi Peke Yangu, Sasa Naambiwa Nimeharibu Moyo wa Mtoto

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja na nina ujauzito wa wiki 25. Naishi Rungwe, si mbali na Tukuyu. Nauza ndizi na parachichi barabarani, mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka ndizi na viazi Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu ana la kusema juu yangu, ila hakuna anayeniuliza.

Binti yangu alizaliwa njiti, wiki ya 29. Chupa ilipasuka usiku, jirani akanitafutia gari, nikafikishwa hospitali kubwa. Nikampigia mume wangu, hapatikani. Alikuwa kule milima ya Kitonga na lori limeharibika. Muuguzi akaniambia kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, tusichelewe. Nikakubali. Nikachomwa, na baada ya siku mbili uchungu ukaja, nikajifungua. Mtoto alikuwa na kilo moja na kidogo.

Tulikaa sana wodi ya watoto njiti. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku kama walivyonifundisha, na uzito ukaanza kupanda. Tatizo lilikuwa oksijeni. Kila wakijaribu kumtoa, anabadilika rangi. Wiki zikapita. Siku moja daktari akaniita, akasema kuna dawa watampa mtoto kwa siku kadhaa imsaidie kuachana na mashine, inaitwa deksamethasoni, wenyewe wanaita deksa. Nikapewa karatasi. Mume wangu alikuwa safarini tena. Nikaweka sahihi.

Mama, dawa ile ilifanya kazi. Baada ya siku chache oksijeni ikapunguzwa, kisha ikatolewa. Lakini wakagundua presha ya mtoto imepanda. Wakampima moyo kwa ile mashine ya picha, nikaambiwa misuli ya moyo imekuwa minene. Wakapunguza dawa, wakaiacha. Kabla hatujaruhusiwa wakapima tena, nikaambiwa imerudi vizuri, nihudhurie kliniki. Nilikwenda mwanzoni, halafu nauli ikanishinda. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza moyo ulinenepa kwa nini, na mimi sikujua niulize nini.

Sasa wifi yangu anayeishi Mbeya mjini amesoma kwenye simu kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa wachanga mioyo yao iliharibika na wakafa mapema. Akamwambia mama mkwe, mama mkwe akampelekea baba mkwe. Wewe unajua sisi Wanyakyusa, mkwe wa kike hawezi kwenda kukaa mbele ya baba mkwe akajieleza. Kwa hiyo kesi yangu inasikilizwa mimi nikiwa jikoni.

Binti ana mwaka mmoja na nusu na hajatembea, anasimama kwa kushika ukuta. Akilia sana, au kukiwa na baridi kali, anapumua harakaharaka. Wifi anasema ndiyo moyo huo. Mume wangu anataka kuuza ng'ombe wetu wawili ampeleke Dar es Salaam kwenye taasisi ya moyo. Na kubwa kuliko yote ni hili: kliniki wameniambia kwa kuwa wa kwanza aliwahi, huyu naye anaweza kuwahi, na dalili zikianza nikimbilie hospitali nichomwe tena zile sindano. Nilipomwambia mume wangu, akasema, "Usithubutu. Mara hii utanisubiri." Hajawahi kunipiga wala kunitukana, ila siku hiyo aliongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Nikikataa sindano na mtoto akafa, nitamwambia nani? Nikikubali na moyo wa huyu nao ukanenepa, nitaishi wapi? Nimefikiria nikichomwa nisiseme. Nisaidie kufikiri, maana nimechoka kufikiri peke yangu.

Mama Njiti, Rungwe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari yote hiyo, na hongera, maana mtoto wa kilo moja na kidogo aliyezaliwa wiki ya 29 na leo anasimama akishika ukuta si jambo dogo. Naona hapo nyumbani hongera hiyo imesahaulika katikati ya maneno.

Mimi ni mshauri, si daktari. Nitakueleza yale yanayojulikana kuhusu dawa hii ili uende kwa daktari ukiwa na maswali mkononi, halafu tuzungumze habari za nyumba yako, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazokunyima usingizi zaidi.

Nianze na jambo ambalo nadhani limewachanganya nyote, kuanzia wifi mpaka baba mkwe. Katika barua yako mna matibabu mawili. Kuna sindano ulizochomwa wewe kabla ya kujifungua, na kuna dawa aliyopewa mtoto wiki kadhaa baada ya kuzaliwa. Zote ni za jamii ya steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama homoni za mwili, na inawezekana zote zilikuwa deksamethasoni ileile. Lakini kazi yake, kipimo chake na hatari zake havifanani. Moyo wa binti yako ulinenepa wakati wa hiyo ya pili. Unachokatazwa sasa ni hiyo ya kwanza. Sina hakika kama mume wako anajua tofauti hiyo. Nikisoma barua yako, sina hakika hata wewe uliwahi kuelezwa.

Sindano za mama ni hivi. Katika wiki za mwisho za ujauzito, mwili wa mtoto mwenyewe hutengeneza kwa wingi homoni inayoitwa kotisoli, na hiyo ndiyo huyaandaa mapafu kupokea hewa. Mtoto wa wiki 29 hajafika huko. Vifuko vya hewa ndani ya mapafu yake havina ute wa kutosha wa kuvizuia visigandamane, kwa hiyo kila pumzi anaanza upya, kama mtu anayetenganisha mfuko wa nailoni uliolowa. Steroidi anayochomwa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuharakisha maandalizi hayo. Kwa deksamethasoni, utaratibu unaotumika sana ni sindano nne za miligramu 6, kila baada ya saa 12, basi.

Jambo hili si geni. Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo yao mwaka 1972, baada ya Liggins kuona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati wakipumua vizuri kuliko alivyotarajia. Akina mama wa utafiti ule waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa betamethasoni, ndugu wa karibu wa deksamethasoni, wengine sindano ya kulinganishia yenye nguvu ndogo sana, na watoto wao wameendelea kufuatiliwa. Walipimwa walipofika miaka 30, na wapo waliofuatiliwa mpaka miaka 50, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Waliopewa dawa tumboni hawakuonekana kuwa na magonjwa ya moyo wala presha zaidi ya wenzao. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwonyesha mume wako jambo moja tu, ningemwonyesha hilo. Watu wa miaka 50 wana habari nyingi kuliko panya.

Lakini panya nao tusiwapuuze, maana wifi yako hajatunga. Watafiti wa Uholanzi waliwapa panya wachanga deksamethasoni siku za kwanza za maisha, mioyo yao ikabaki na chembe chache za misuli, zilizobaki zikavimba kufidia, na umri wao ukapungua. Hilo linahusu dawa ya baada ya kuzaliwa, ile aliyopewa binti yako. Na kwa watoto wachanga wa binadamu inajulikana wazi kwamba deksa inaweza kunenepesha misuli ya moyo, hasa ule ukuta unaotenganisha upande wa kushoto na wa kulia. Dawa huchochea misuli kukua, presha nayo hupanda, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtoto anayepewa dawa hii hupimwa presha na sukari, na moyo huangaliwa ikibidi. Sasa sikiliza sehemu ambayo wifi hakuifikia: kwa kawaida unene huo hupungua wenyewe katika wiki chache baada ya dawa kuachwa. Na hivyo ndivyo ulivyoandika. Waliona, wakapunguza, wakaacha, wakapima tena, umerudi vizuri.

Waholanzi haohao hawakuishia kwa panya. Waliwapima pia watoto wa umri wa shule waliozaliwa njiti na kupewa steroidi wakiwa wachanga, na mioyo yao ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Sitakudanganya kwamba hadithi imekwisha hapo. Dawa hii ilianza kutolewa kwa wingi kwa watoto wachanga miaka ya 1980, kwa hiyo waliopewa bado hawajazeeka tukaona. Tena madaktari wa watoto wa Marekani na Kanada walionya mwaka 2002 kwamba isitolewe hovyo, kwa sababu watoto waliopewa mapema sana na kwa vipimo vikubwa walionekana kupata zaidi mtindio wa ubongo. Tangu hapo vipimo vimeshushwa, na mara nyingi huachiwa mtoto ambaye wiki zimepita na bado ameshindwa kuachana na mashine. Wako alikuwa huyo. Kukaa kwenye oksijeni na mashine muda mrefu nako kunajeruhi mapafu, na mapafu mabovu huuelemea moyo. Kwa hiyo daktari aliyekupa karatasi hakuwa anachagua kati ya dawa yenye hatari na njia isiyo na hatari. Njia ya namna hiyo haikuwepo siku ile.

Na kuna jambo ambalo hapo nyumbani halijatajwa na yeyote. Kuzaliwa njiti kwenyewe, hata bila dawa, huacha alama kwenye moyo. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa na moyo wenye umbo tofauti kidogo, vyumba vifupi na kuta nene kuliko waliotimiza miezi. Presha yao pia huelekea kuwa juu kidogo. Wengi wanaishi vizuri tu, ila ni watu wa kupimwa presha mara kwa mara maisha yao yote. Sasa nikuulize, unapojiambia kwamba sahihi yako ndiyo iliyoharibu moyo, kwanza, ni moyo upi ulioharibika? Kipimo cha mwisho ulichonacho kinasema umerudi vizuri. Pili, hata kikipatikana kitu kesho, nani atajua kilitokana na dawa, au kuzaliwa wiki ya 29, au vyote viwili? Wanaokuhukumu wana uhakika ambao hata watafiti hawana.

Tuje kwa binti. Alizaliwa wiki kama 11 kabla ya wakati. Njiti huhesabiwa umri kuanzia siku ambayo angetimiza, angalau mpaka miaka miwili. Kwa hesabu hiyo ana miezi kama 15 na nusu, na mtoto wa umri huo anayesimama kwa kushika ukuta hajachelewa kiasi cha kuita kikao cha ukoo. Kuhema wakati wa baridi au akilia, mimi ningelifuatilia, kwa sababu inaweza kuwa mapafu, inaweza kuwa jambo jingine. Watoto waliokaa sana kwenye oksijeni mara nyingi wana mapafu yanayokasirika upesi. Nakumbuka baridi ya Tukuyu mwezi wa sita na wa saba, na mvua isiyojua msimu, na jinsi tunavyokusanyika wote jikoni kwenye moto wa kuni huku mlango umefungwa. Moshi ule ni adui wa mtoto huyu. Sijui jiko lako liko wapi, lakini kabla ya kuuza ng'ombe ningetafuta namna ya kumlaza mbali na moshi. Huwa nashangaa jinsi tunavyoogopa sindano ya siku mbili na hatuogopi moshi wa kila siku.

Ukiona anatoka jasho jingi wakati wa kunyonya au kula, midomo inakuwa ya bluu, uzito umesimama, au miguu na uso vinavimba, usisubiri kikao, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kama hana hayo, nenda kliniki kwa utaratibu, ueleze kuhema kwake, uombe apimwe presha kwa mkanda wa saizi ya mtoto, na uulize kama kipimo cha picha ya moyo kirudiwe.

Kuhusu ng'ombe na Dar es Salaam, simlaumu baba mtoto. Mwanaume anayetaka kuuza ng'ombe wake wawili kwa ajili ya binti anampenda, na ningependa umwambie kwamba umeliona hilo. Ila Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hupokea wagonjwa wa rufaa, na madaktari wake huzunguka mikoani kwa huduma za mkoba. Kuanzia hospitali ya rufaa Mbeya, umbali wa kilomita kama 70 tu kutoka Tukuyu, kunaweza kuwapunguzia gharama na pia kuwapa barua ya kueleweka endapo Dar itahitajika. Hatari ya kuuza kwanza ni kwamba mkiambiwa moyo ni mzima, ng'ombe hawarudi, na mimba hii nayo inaweza kudai fedha. Hatari ya kutokwenda popote ni kwamba hofu itaendelea kuishi nanyi bila jibu. Pimeni mzani huo pamoja.

Sasa mimba uliyonayo. Umeandika kana kwamba tayari unajua itatoka kabla ya wakati. Aliyewahi kuzaa njiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, kweli, lakini wengi wanaofuatia hutimiza miezi yao. Inawezekana swali hili lisije kabisa. Likija, ujue pia kwamba sindano hizi hazitolewi kwa kila mjamzito mwenye wasiwasi. Shirika la Afya Duniani limeweka masharti: umri wa mimba ujulikane vizuri na uwe kati ya wiki 24 na 34, kuzaa kuwe kunakaribia kweli, mama asiwe na maambukizi, na hospitali iwe na uwezo wa kumtunza mama na njiti, yaani kumsaidia kupumua, joto, maziwa na oksijeni salama.

Masharti hayo yana sababu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha Kenya na Zambia miongoni mwa nchi sita, ulionyesha kwamba sindano zikisambazwa bila kuchagua vizuri, wengi wanaochomwa huishia kuzaa watoto waliotimia, ambao hawakuzihitaji, na vifo havikupungua, tena akina mama wengi zaidi walionekana kupata maambukizi. Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine, Kenya ikiwemo tena pamoja na Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Huu ulifanyika hospitalini, kwa kuchagua wanaostahili. Kati ya kila watoto 100 ambao mama zao hawakupewa deksamethasoni, karibu 24 walifariki ndani ya siku 28. Waliopewa, karibu 20. Hao wanne ni tofauti kubwa unapokuwa mama wa mmoja wao. Unaona pia kwamba sindano si ulinzi kamili. Wengi wangeishi bila hiyo, wengine hufariki hata nayo. Ndiyo sababu sitakuambia "chomwa" wala "kataa". Uzito wa jambo utategemea wiki ngapi, dalili gani, na umefika hospitali ipi.

Upo pia utafiti wa Finland wa mwaka 2020 uliohusisha sindano hizi na matatizo ya kitabia na kiakili kwa watoto, hasa wale waliokuja kuzaliwa wametimia. Nakutajia ili siku wifi akiusoma usikushtue, na uone tena kwa nini kuchagua nani anayestahili ni muhimu kuliko kubishana dawa ni nzuri au mbaya.

Kuna jambo la muda ambalo lazima ulijue. Sindano hufanya kazi vizuri zaidi zikipita saa 24 kabla ya kujifungua, na faida yake kubwa ni katika siku kama saba zinazofuata. Maana yake ni kwamba "utanisubiri" haiwezi kuwa mpango wa mtu ambaye mume wake anaweza kuwa Kitonga bila mtandao. Mazungumzo ya kumsubiri yanafanyika sasa, wiki ya 25, mkiwa mmekaa, si usiku ule chupa ikipasuka.

Hapo ndipo narudi kwa mume wako. Una uhakika anakasirikia dawa? Nasoma maneno yake, "mara hii utanisubiri," na nasikia mtu ambaye mtoto wake alizaliwa, akapigania pumzi, akapewa matibabu, yote yeye akiwa barabarani, na kila alipofika alikuta limekwisha kuamuliwa. Huenda nakosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini kama ni kweli, basi ubishi wa panya na sindano hautamfikia, kwa sababu kinachomuuma ni kutokuwepo. Jaribu kumuuliza usiku ule ulikuwaje kwake. Nina hisia kwamba hujawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kukuuliza ulikuwaje kwako.

Umefikiria kuchomwa kimya. Kwa mwili wako wewe ni mtu mzima, na matibabu yako unaridhia mwenyewe, hilo usiwe na shaka nalo. Usiku wa dharura, kama hapatikani, utaamua ulivyoamua mwanzo. Ila kupanga siri mapema ni jambo jingine. Kadi ya kliniki inaandikwa, wauguzi wanaongea mbele ya ndugu, na ikijulikana, kesi itakuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii itakuwa na uongo ndani yake. Kutii katazo nako kuna gharama uliyoitaja mwenyewe, na nadhani yeye hajaisikia ikitamkwa. Anaweza kuwa anakataza moyo kunenepa, bila kujua kwamba kwa katazo hilohilo anakataza pumzi. Mweleze kwa maneno yale uliyoniandikia mimi. Sijui kama kuna mume anayeyasikia hayo akabaki na sauti ileile.

Ipo njia ya tatu, ndefu kidogo. Akiwa kati ya safari, mwombe mwende wote kliniki, mkutane na daktari au mkunga, mbebe karatasi ya kuruhusiwa ya binti na majibu ya vipimo vya moyo. Mwache yeye aulize. Mambo mnayohitaji kukubaliana si mengi: dalili zipi zikitokea unaondoka bila kusubiri mtu, yaani maji kutoka, damu, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuachia, au mtoto kupunguza kucheza; gari la nani; hospitali ipi; na asipopatikana kwenye simu, nani anasimama badala yake. Huyo wa mwisho mchague kwa makini. Anaweza kuwa shemeji, anaweza kuwa mama mkwe mwenyewe. Njia hii nayo ina hatari: anaweza kukataa kuja, au akaja akaondoka na msimamo uleule. Hata hivyo utakuwa umejua mapema, na una wiki kadhaa za kutafuta mtu mzima anayemsikiliza.

Kwa baba mkwe sikushauri uvunje heshima mliyolelewa nayo. Lakini maneno yanayomfikia yanapitia kwa mama mkwe, na mama mkwe amesikia upande mmoja. Mwombe siku moja ambebe mjukuu wake wakati wewe unamsimulia yote, kuanzia usiku wa chupa mpaka kipimo cha mwisho. Sitashangaa kama yeye mwenyewe aliwahi kupoteza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, enzi ambazo hakukuwa na sindano wala mashine. Wanawake wengi wa rika lake waliwazika bila kuwaongelea. Mama wa namna hiyo huwa anaelewa haraka kuliko tunavyodhani, akielezwa.

Na wifi yako msimgeuze adui. Amesoma kitu cha kweli akakisoma nusu, kwa sababu anampenda mtoto wa kaka yake. Siku ya kliniki mwambie aje na simu yake. Kati yenu wote, nadhani yeye ndiye atakayemuuliza daktari maswali magumu.